Pikipiki Sebuleni

Nyie mnaoishi na wapwa hapa Tanga, naomba mniambie kama na kwenu ni hivi, au ni mimi tu niliyeandikiwa.

Sebule yangu ya Ngamiani imekuwa gereji. Kijana wa dada yangu anaendesha bodaboda, na kwa kuwa wezi hawalali, kila usiku anaiingiza ndani na kuipaki kati ya kochi na kabati la vyombo, stendi imekanyaga zulia. Oili inadondoka, tone, tone. Harufu ya petroli imeshika mapazia, mpaka wali wa nazi ukiuonja unajiuliza umepikwa au umejazwa. Lakini kilichonikata maini ni vitambaa vya kufuma vya Mama Zuhura. Vile vyeupe vya kutandika makochi, ambavyo miaka yote nikivikalia nafokewa. Juzi nakuta kimoja kimetandikwa juu ya siti ya pikipiki. Eti isiingie vumbi.

Nikasema leo nakata mzizi wa fitina. Nikamwita kijana, nikamwambia sebule ni ya wageni, chombo cha barabarani kina mahali pake.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Hapo ugomvi umeshaharibika. Utaitikiaje marahaba huku umekunja ngumi? Akatoa simu. Vijana wa leo hawabishani, wanatoa simu.

Nikaona picha ya ukumbi mkubwa, dari imenakshiwa kama ya ikulu, pazia la jukwaani limechanika linaning'inia, na chini yake magari. Yamepangwa kwa mistari! Akasema hapo ni Detroit, Marekani, panaitwa Michigan Theatre, ukumbi wa sinema wa zamani. Ulifunguliwa 1926, viti zaidi ya 4,000. Hebu fikiria. Majestic yetu ya hapa Tanga, siku ya picha ya Kihindi, tulibanana mpaka unajua jirani yako kala nini mchana, na bado hatukufika robo ya watu hao.

Basi ukapatwa na yale yale. Watu wakahamia nje ya mji, televisheni ikaingia majumbani. (Sisi Bara televisheni ilichelewa mpaka 1994, lakini video zilishatangulia kuyamaliza majumba ya sinema. Mengine leo ni maduka, mengine maghala.) Miaka ya 70 ukafanywa ukumbi wa muziki wa rock, na 1976 ukafungwa. Wapangaji wa jengo la ofisi lililopakana nao wakaanza kulalamika hawana pa kuegesha magari, na ukumbi kuubomoa haikuwezekana, kwa sababu majengo yameshikana, ukivuta hili na lile linakuja. Wakaung'oa viti, wakajenga maegesho ya ghorofa tatu humo humo ndani, dari wakaiacha juu na mapambo yake.

"Hayo magari yanalipa?" nikamuuliza.

"Yanalipa, mjomba."

"Basi lipa na wewe."

Akajifanya hakusikia, akaendelea. Kumbe kiwanja hicho hicho ndipo Henry Ford alipokuwa na kibanda chake, nyuma ya nyumba aliyopanga. Mwaka 1896 akaunda humo gari lake la kwanza, magurudumu yenyewe ya baiskeli. Mtu wa Tanga akisikia baiskeli lazima asogee, nikasogea. Usiku lilipokuwa tayari kutoka, likawa pana kuliko mlango. Ford akachukua shoka, akavunja ukuta wa matofali, akatoka nalo. Mpangaji huyo! Angekuwa amepanga kwangu angelala kwa mjumbe. Sasa vijana wa Detroit wanasema magari hayakuvamia ukumbi, yamerudi kwao.

Mama Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Umesikia? Wazungu wenyewe wanapaki ndani."

Nyumba hii jambo likishafanywa Marekani, rufaa imefungwa. Nikajaribu kueleza kwamba wale waling'oa viti kwanza, na mimi kochi langu bado nalikalia. Nikaona wanatazamana, halafu wanalitazama kochi. Nikanyamaza.

Wiki hiyo hiyo jirani wa pili akaja kuuliza kama kuna nafasi ya pikipiki yake. Akaja na wa tatu. Mama Zuhura akatangaza bei, shilingi 1,000 kwa usiku, na kwa kuwa mimi mstaafu hulala nimechelewa nikitazama taarifa ya habari, nikateuliwa mlinzi. Mshahara haukutajwa. Taarifa yenyewe naisikia tu, helmeti tatu zimepangwa mbele ya televisheni.

Sasa naambiwa kijana anafuatilia mkopo wa bajaji. Nimemkuta mlangoni na futi ya fundi, anapima fremu, anaandika kwenye kiganja, anapima tena, anatikisa kichwa. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda stoo moja kwa moja, nikachukua shoka, nikalificha chini ya godoro langu.

Jana Mama Zuhura kaniuliza shoka liko wapi, anataka kupasua kuni. Sisi tunapikia gesi.