Kabla ya Kisu, Mwenye Taya Asikilizwe

Mtu ambaye taya lake la chini limetangulia mbele, hata meno ya chini yakafunga nje ya yale ya juu, huwa ameishi na hali hiyo miaka mingi kabla ya kukutana na daktari wa upasuaji, kwa kuwa kwa kawaida husubiriwa mifupa ya uso imalize kukua. Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ya ujana, ambayo utani wa darasani huchoma zaidi na mtu huzoea kufunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Anapofika kliniki haleti taya peke yake. Naamini mazoea hayo ya kujificha yanastahili kuchunguzwa kwa uangalifu uleule unaotumika kusoma picha za eksirei.

La kwanza kuulizwa ni nani hasa anayeutaka upasuaji huo wa kurekebisha taya. Aliyechoka kutafuna kwa taabu, au anayetaka mwenyewe kubadili sura yake, ana nafasi nzuri ya kuridhika. Aliyesukumwa na mchumba, au anayetumaini kwamba kidevu kipya kitamletea kazi na marafiki, anaweza kuvunjika moyo hata kama mfupa umeunga vizuri.

Jambo linalonigusa zaidi ni kipindi cha nyaya za meno, ambacho mara nyingi huchukua mwaka mmoja au zaidi kabla ya upasuaji. Kwa miaka yote meno yalikuwa yameinama ili kuficha kasoro ya mifupa, ya chini yakilalia ndani na ya juu yakisogea nje. Sasa nyaya huyasimamisha mahali pake, na pengo kati ya mataya huonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Mgonjwa aliyekuja kutafuta nafuu hujiona akiharibika, na watu wa nyumbani humwuliza matibabu gani hayo. Asipoelezwa mapema, na kwa lugha anayoielewa, ni haki yake kuingiwa na hofu.

Madaktari wa upasuaji Hugo Obwegeser na Richard Trauner walipoeleza mwaka 1957 njia ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya kinywa, waliwaepusha wagonjwa na kovu la usoni. Hata hivyo, hakuna njia inayoondoa majuma ya kwanza ya uvimbe, ya kula vyakula laini na vya kunywa, na ya ganzi ya mdomo wa chini, ambayo kwa wengine haiishi kabisa. Huzuni ya siku hizo hutokea hata kwa mtu ambaye baadaye atashukuru, na mwenye wasiwasi mwingi kwa tabia huelemewa nayo zaidi. Kumwita mgonjwa huyo mkaidi au asiye na shukrani ni kosa.

Wapo pia wachache ambao fikra ya kasoro imewatawala kupita kiasi, hali ambayo Enrico Morselli, daktari wa magonjwa ya akili wa Italia, aliielezea mwaka 1891, na kwao kisu hakitibu kinachowaumiza. Hao wapelekwe kwanza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Sisemi wafungiwe mlango, wala kwamba kila mgonjwa atiliwe shaka. Nataka mtaalamu huyo awepo tangu ziara ya kwanza, nyaya zikiwa bado hazijafungwa, ili mgonjwa aweze kusema hapana au kuomba muda bila kuona haya.