Kiangazi cha Brussels Katika Lupango Letu

Mimi sina ugomvi na hali ya hewa ya Ulaya. Theluji ianguke, maua yachanue, majani yapukutike, hayo ni mambo yao na Muumba wao. Ninacholalamikia ni kwamba hali hiyo ya hewa hufungashwa katika maboksi, ikasafirishwa kwa meli na malori, ikapitishwa mpakani Kasumbalesa na kulipiwa ushuru kwa fedha yangu, kisha ikabandikwa katika kuta za sebule yangu hapa Lubumbashi, nami nikaambiwa kwamba nyumba imeingia msimu mpya na kwamba tangu leo nisiegemee ukuta.

Chanzo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, Mama Mapasa, anayefanya kazi katika duka la vitambaa vya nyumba na karatasi za ukutani huko Brussels. Kwa maelezo yake, ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko mahubiri ya padri, kila mwezi wa Januari watengenezaji hukutana Frankfurt katika maonyesho ya Heimtextil, na wengine hufungua milango yao Paris katika siku za Déco Off, ili kuonyesha michoro na rangi ambazo ulimwengu utatakiwa kuzipenda mwaka huo. Michoro mipya ikishaingia dukani, ile ya zamani, ambayo haina kosa lolote isipokuwa umri, huuzwa kwa bei ya kutupa, na shemeji, kwa upendo alio nao kwa dada yake, huinunua na kuituma kwetu. Ndiyo kusema msimu wao ukishakufa, matanga yake hukaliwa nyumbani kwangu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, lakini jiografia kidogo ninaijua. Lubumbashi iko kusini mwa Ikweta. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, na kiangazi chetu, kwa yeyote aliyewahi kuoga maji ya ndoo saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni, si jambo la kuvalia kaptula. Ndiyo miezi ambayo walinzi wa usiku hulala wamekumbatia mbabula, jiko la makaa. Ni katika baridi hiyo, mikono yangu ikiwa mifukoni, ndipo lilipofika boksi la kwanza, ambalo shemeji alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu: «Kiangazi». Ndani yake mlikuwa na rido, yaani mapazia, za kitani chepesi zenye picha za malimau na kombe za baharini. Bahari iliyo karibu nasi ni mwendo wa siku kadhaa kwa lori. Rido zenyewe ni nyepesi kiasi kwamba hata tukizifunga usiku wapita njia wanajua kama tunakula bukari kwa samaki au kwa sombe.

Kisha ukaja Oktoba, mwezi ambao joto la mji huu hupita nyuzi 30 na mbwa hawabweki tena ila kwa jambo la lazima, na boksi la pili likafika: «Majira ya Baridi». Mahameli mazito ya rangi ya zambarau iliyoiva, pamoja na mito yenye manyoya kama mbuzi asiyenyolewa. Fotei zote nne zikavalishwa. Juu ya mahameli Mama Mapasa akatandaza vile vitambaa vyake vya kufuma kwa sindano, kwa sababu mahameli hayapaswi kuchakaa, na juu ya vitambaa vya kufuma watoto hawaruhusiwi kukaa, kwa hiyo anayekaa ni mgeni peke yake. Mgeni akimaliza soda yake na kuaga, fotei huinuka naye nusu ya njia.

Nilipomweleza Mama Mapasa kwamba misimu imegeuzwa, kwamba tunavaa kitani wakati wa baridi na manyoya wakati wa jua kali, alinitazama kwa huruma na kusema:

— Baba Mapasa, kitambaa hakisomi kalenda.

Rangi nazo zina serikali yake. Ipo kampuni ya Marekani, Pantone, ambayo hutangaza rangi ya kila mwaka, na kwa mwaka 2025 ilichagua Mocha Mousse, yaani kahawia kama ya kahawa iliyochanganywa na chokoleti. Shemeji alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba kutueleza utulivu unaoletwa na rangi hiyo. Niliusikiliza wote nikiwa nimekaa mbele ya dirisha, nikizitazama rido za malimau, ambazo mwezi wa Mei zilikuwa nyeupe. Vumbi la Lubumbashi limekuwa likipaka rangi ya jamii hiyohiyo tangu mji uanzishwe mwaka 1910, bila malipo, nyumba kwa nyumba, na halijawahi kuandikiwa hata barua moja ya shukrani.

Kuhusu mikunjo nitasema kwa kifupi, maana inaniuma. Dirisha letu lina upana wa mita moja na nusu. Rido, ili ionekane ni rido na si shuka lililoanikwa, hutaka kitambaa mara mbili ya upana huo, na wenye uwezo hufikisha mara mbili na nusu. Basi nililipa mita moja na nusu kwa ajili ya dirisha na nyingine moja na nusu kwa ajili ya mikunjo, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

Hata hivyo rido hufuliwa na mahameli huvuliwa. Aliyeniletea mvi ni karatasi.

Zilifika rolo 8 za rangi ya parachichi, zenye korongo wanaoruka juu ya matete. Kila rolo ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, kama zilivyo rolo nyingi za Ulaya. Sebule yetu ni mita 4 kwa 3 na nusu, na dari iko mita 2.45 kutoka sakafuni. Fundi alifika, akaandika hewani kwa kidole na kutoa hukumu: kuzunguka chumba, ukiacha mlango, ni vipande 28, rolo moja hutoa vipande 4, kwa hiyo rolo 7 zinatosha, na ile ya 8 ataichukua iwe sehemu ya malipo yake. Alikuwa amewasahau korongo. Mchoro ule hujirudia kila baada ya sentimita 64, na ili korongo wa kipande hiki apate bawa lake katika kipande cha pili, vipande vyote lazima vianzie mahali palepale pa mchoro. Ukishakata mita 2.45, unaruka sentimita 11 ndipo uanze kingine. Vipande vinne pamoja na kuruka mara tatu ni mita 10.13. Rolo ina mita 10.05. Tulipungukiwa sentimita 8 katika kila rolo, na kwa kipimo cha karatasi ile sentimita 8 ni kichwa cha korongo pamoja na shingo yake.

Fundi hakukiri chochote. Rolo zote 8 zilipotoa vipande 24, aliokota masalio manne na kuyabandika jinsi yalivyokuja, na tangu siku hiyo, kuanzia kabati hadi kona ya dirisha, kuna korongo ambao vichwa vyao vinaruka upande mmoja na miguu yao inasubiri usafiri upande mwingine. Tuliomba rolo mbili za kurekebishia. Shemeji alijibu kwamba mchoro huo umekwisha, na kwamba hata ukipatikana utakuwa wa namba nyingine ya kiwanda, na rolo za namba tofauti hazifanani rangi sawasawa. Nilielewa kwamba parachichi lao moja limeiva na la pili bado.

Gundi ya pakiti ilikuwa na bei ya kuku wawili. Fundi alituhakikishia kwamba Wazungu wa zamani walibandika karatasi zao kwa uji wa unga wa ngano, na mimi, kwa ujinga wa mtu anayependa kuonekana msomi mbele ya mke wake, nilithibitisha kwamba ni kweli. Ni kweli hasa. Yeye akapika wa unga wa muhogo, sufuria kubwa, ile ya misiba. Kwa siku tatu sebule ilinukia chakula, na nikawakuta mapasa, watoto wetu pacha, wamesimama pembeni mwa kabati wakilamba ukuta.

Mwezi wa Julai karatasi ilinata kama muhuri. Lakini sharti nieleze kuta zetu zimetoka wapi. Katika mji huu matofali mengi hufyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa vichuguu vya Katanga ni vikubwa kama nyumba na udongo wake hushikamana vizuri. Kwa hiyo naishi katika jengo ambalo wenyewe wa kwanza walikuwa mchwa. Na mimi, kwa hiari yangu, nikawaletea karatasi, ambayo ni mti uliokwisha kusagwa, nikaipaka uji wa muhogo upande mmoja, nikasubiri mvua ilainishe. Katika macho ya mchwa huo si msimu mpya, ni arusi yenye kadi za mwaliko.

Januari niliona mshipa mwembamba umeinuka chini ya karatasi, ukipanda kutoka sakafuni katikati ya matete. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umetoa tawi. Nilidhani ni ufundi wa wachoraji, maana shemeji alikuwa ametusimulia kwamba msimu huu nakshi zinazoinuka zinapendwa sana, zile ambazo ukipitisha mkono unazihisi. Nilipitisha mkono. Nakshi ikasogea.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alitufikia kutoka Likasi. Mkwe mwenye adabu hambishii mama mkwe, hamkazii macho, na kama anaweza hata kikohozi anakimeza. Alikaa juu ya mahameli, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akasema:

— Mkwe wangu, haya matawi yaliyoinuka ndiyo mazuri. Wale ndege ningewaacha.

Nikajibu:

— Ndiyo, mama.

Alikaa wiki mbili. Kila jioni aliniita kunionyesha mahali ambapo hakuwa ameona tawi hilo jana, akilisifu jicho lake mwenyewe kwa kuzidi kuzoea mchoro, na mimi nikajibu ndiyo, mama. Siku ya tisa aliuliza kama mchoro huo unapatikana pia kwa ajili ya chumba cha kulala. Siku ya kumi na mbili ulipatikana chumba cha kulala. Aliondoka Jumamosi na baraka zake, na Jumapili, tukiwa tunajiandaa kwenda misa, karatasi ya upande wa dirisha iliachia yenyewe na kuinama mbele yetu polepole kama mtu anayesalimia. Nyuma yake hapakuwa na karatasi tena. Ilibaki ile ngozi nyembamba yenye korongo, na udongo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mwezi huu limefika boksi jingine, rolo 8 za majani ya ndizi, na mimi nimelipinga kwa silaha niliyo nayo, yaani historia. Nilimweleza Mama Mapasa kwamba Waingereza walitoza kodi juu ya karatasi za ukutani tangu mwaka 1712 hadi 1836, kwa kuwa walizihesabu kuwa anasa. Akajibu kwamba basi sisi tuna bahati. Nilimweleza kuhusu Scheele, mkemia wa Sweden, ambaye mwaka 1775 alitengeneza rangi ya kijani kutokana na shaba na arseniki, nayo ikapakwa katika karatasi za kuta za Ulaya pamoja na sumu yake yote. Akaniuliza iwapo nimeisahau kazi ya marehemu baba yangu, aliyekula shaba ya mji huu kwa njia ya vumbi miaka thelathini na kufa na meno yake yote. Mwishowe nikatoa hoja kubwa: Aprili 1789 watu wa Paris waliivamia nyumba ya Jean-Baptiste Réveillon, mwenye kiwanda cha karatasi za ukutani, wakaipora na kuiharibu, na miezi michache tu baadaye mapinduzi yakawaka.

— Walimvamia kwa sababu ya karatasi, aliuliza akiendelea kuchambua sombe, au kwa sababu ya mishahara?

Nikakiri kwamba ilivumishwa kuwa anataka mishahara ya wafanyakazi ipunguzwe.

— Basi, Baba Mapasa, tuanze na mshahara wako.

Hoja ikafungwa. Niliona pia amevaa kikwembe kile cha ndege anayetoka tunduni, ambacho wanawake wa sokoni walikibatiza «Ukitoka, Natoka», na kitambaa cha namna hiyo hakingojei msimu wowote ili kusema kilicho nacho.

Fundi ni yuleyule. Amekuja leo asubuhi na kipimo chake shingoni na mfuko wa unga kwapani, na nimempokea mlangoni kwa swali moja tu: safari hii amezihesabu zile sentimita 8? Majani ya ndizi nayo hujirudia kila sentimita 64. Nilipima mwenyewe jana usiku kwa tochi ya simu. Amenijibu kwa utulivu wa daktari kwamba amezihesabu, na kwamba karatasi haina tatizo, tatizo liko kwenye dari. Tukiishusha dari sentimita 8, kila rolo itatoa vipande vyake vinne barabara, rolo 7 zitatosha, na ile ya 8 ataichukua iwe sehemu ya malipo yake.

Nimekaa na kalamu tangu saa nne. Mita 2.37 mara nne, sentimita 19 mara tatu. Jumla ni mita 10.05, bila kuzidi hata unywele, na Mama Mapasa tayari anauliza mbao zinauzwa wapi.