Glavu yangu ilipanda lifti peke yake

Nyie ndugu zetu mlioko Kanada mnaotutumia picha mmevaa yale mamiwani mmesimama kwenye theluji meno yote nje, kuna mambo mnatuficha. Kwenye picha buti hazionekani. Haionekani mtu anavyotoka kwenye maegesho hadi mlimani na buti za plastiki ngumu ambazo hazikunji mguu, umebeba ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, begani zinateleza, fimbo zinaanguka, ukiinama kuokota fimbo ski inampiga mtu nyuma yako, ukigeuka kumuomba radhi unampiga mwingine. Mimi nilishachoka kabla hata sijauona huo mlima.

Mimi mtu wa Tanga. Barafu naijua ile ya ukwaju kwenye kimfuko, unang'ata pembe unanyonya, basi. Sasa nimefika Montreal kumtembelea dada, nakuta shemeji keshawatangazia majirani wote mgeni anatoka nchi ya Kilimanjaro, mita 5,895, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama najua ski, waliniuliza napenda njia za rangi gani, maana kule ugumu wa njia za kushukia mlima unaonyeshwa kwa rangi. Kilimanjaro nimeiona kwenye dirisha la basi naenda Arusha, na siku yenyewe ilikuwa imejifunika mawingu, kwa hiyo niseme tu nimeona mawingu.

Tukaenda kule wanaita Laurentides, milima iliyoko kaskazini ya Montreal. Kuna mmoja maarufu, Mont-Tremblant, kilele chake mita 875, huo tulipita kwa sababu shemeji aliangalia bei ya tiketi akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kule Kongo, "Shemeji, hapa banauza mulima ao banauza tiketi?" Tukaenda kilima kingine ambacho sikitaji, maana nahisi yule kijana wa lifti bado anahadithia.

Ilikuwa mwisho wa Machi, Idi imepita juzijuzi, tumbo langu ndio limerudi kazini mchana, na hilo mliweke akilini.

Kwenye kukodi vifaa wanakupa fomu: urefu, umri, unajua kiasi gani, na uzito. Nikadhani uzito wa nini, napanda ndege? Kumbe ndio wanaotumia kukaza ile klipu inayoshika buti kwenye ski, mtu mzito wanakaza zaidi, mwepesi wanalegeza, ili ukianguka vibaya ski ifunguke yenyewe mguu usivunjike. Fomu iko kwa Kifaransa, shemeji ndio anajaza, akaniangalia juu mpaka chini, akaniheshimu, akanipunguzia kilo kama ishirini hivi. Dada akachungulia akasema "huyu? mwongezee bana", shemeji akamjibu mgeni hasemwi kilo zake mbele za watu. Ustaarabu wa watu wa Bukavu huo, na utanigharimu huko mbele.

Asubuhi hiyo sasa. Mimi theluji kichwani nilijua ni kitu laini, ukianguka unacheka. Aisee. Kule mwezi huo mchana jua linawaka theluji inayeyuka, usiku joto linashuka chini ya sifuri yale maji yote yanaganda upya, na usiku huohuo kuna matrekta yanapita kuusawazisha mlima, yanaacha mistari mistari mizuri kweli kwa macho, ila ikishaganda ile mistari ni ya chuma. Unapita juu yake meno yanagongana, ski zinapiga kelele grrrrrr mlima mzima wanajua unakuja. Nilianguka kwenye sehemu tambarare. Naomba mnielewe, tambarare kabisa, nimesimama nasubiri watu, miguu ikaondoka.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu, ana miaka sita, ananiita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Watoto wanafundishwa ski kwa chakula. Ukitaka kusimama unazileta ncha za mbele za ski karibu karibu na nyuma unazitanua, inakuwa pande la piza. Ukitaka kwenda unazinyoosha sambamba, hiyo ni chipsi. Basi kutwa nzima katoto kako nyuma yangu kanapiga makelele, "Tonton, piza! Piza tonton! PIZAAA!" na mimi nafanya piza kwa uwezo wangu wote lakini kwenye barafu piza yangu ilikuwa inateleza vilevile, nashuka nimetanua miguu napita watu nasema samahani, samahani, pardon. Halafu hizo klipu. Kila nikigeuka kwa nguvu kidogo, paa! ski imefunguka, mguu mmoja uko Kanada mwingine unaelekea kwao.

Nikamuuliza shemeji mbona wanawapa watu barafu wakati wamelipia theluji. Akaniambia kitu ambacho nilikidharau pale: "Shemeji, usikasirikie hii baridi, njo inaleta sukari." Akanionyesha miti pembeni ya barabara tulipokuwa tunatoka kwenda kula, ile yenye jani lililoko kwenye bendera yao. Kila mti una kitundu na kijimrija cha plastiki cha buluu, mrija unaunga mti kwa mti mpaka porini huko. Usiku ukiganda na mchana ukayeyuka ndio mti unatoa maji, baridi tupu hautoi, joto tupu hautoi. Yale maji matamu kidogo sana, wanachemsha, wanachemsha, lita kama 40 zinaishia kuwa lita moja ya sirapu. Quebec pekee inatoa zaidi ya nusu ya sirapu yote ya dunia na wana maghala ya akiba kabisa kama sisi tunavyoweka akiba ya mahindi, na mwaka 2012 ikagundulika ghala moja limeibiwa karibu tani 3,000. Tani elfu tatu za sirapu! Mimi nilicheka njia nzima nikifikiria mwizi anavyonata. Ningejua ningenyamaza.

Tukafika kwenye kibanda cha sukari, ni banda kubwa la mbao porini, meza ndefu, mnakaa na msiowajua, moshi mtamu umejaa mpaka kwenye nguo. Chakula kinaletwa bila kuagiza. Supu ya njegere, nikajisogezea bakuli, dada akanizuia mkono, "ina nguruwe." Haya. Maharage, maharage hayana neno, nikachota. "Yamepikwa na mafuta ya nguruwe." Kuna vitu vimekaangwa vimekunjamana vizuri vinalialia mdomoni kwa watu, nikauliza kwa macho tu, dada akatikisa kichwa, hiyo ni nguruwe mwenyewe kabisa. Nyama ile ya waridi mezani sikuuliza. Jamani hata njegere? Mboga imewakosea nini?

Kwa hiyo nikabaki na mayai, viazi vya kuchemsha, na chapati za maji zao zile nene ndogondogo, na jagi la sirapu. Jagi si chupa. Wenyeji wanamwagia kila kitu, mayai wanamwagia, nikaona isiwe tabu. Chapati ya kwanza nilikula kwa adabu. Baada ya hapo mzee mmoja wa mezani akawa ananisogezea jagi kila likirudi kwangu limepungua, hatuelewani lugha lakini tulielewana. Jana yake nilishakula putini, ile chipsi yao wanamwagia rojo la moto na vibonge vya jibini vinavyolia kwik kwik ukitafuna, tuliipata ya halali hukohuko Montreal, nikasema chipsi mayai imepata mpinzani, lakini mbele ya ile sirapu putini ikae pembeni.

Mwisho mnatoka nje. Kuna kihori kirefu cha mbao kimejazwa theluji safi, mtu anakuja na sufuria ya sirapu iliyochemshwa hadi ikawa nzito, anamwaga mistari juu ya theluji, inatulia kidogo, unachukua kijiti unaiviringisha, inakuwa tofi laini ya vuguvugu inavutika. Mpwa wangu akaviringisha ya tatu, mama yake akamkata jicho, akaja kwangu polepole kanipa akaninong'oneza, "Tonton, nitunzie." Mjomba unakataaje? Nikaizungushia tishu, nikaisokomeza mfukoni mwa jaketi. Mfuko wenye glavu. Tukaingia kwenye gari, hita ya shemeji inawaka mpaka mwisho.

Tumerudi mlimani saa nane, jua kali, watu wamefungua zipu, theluji sasa imelowa. Navaa glavu nikahisi ya kushoto ina kamajimaji kwa ndani ya kiganja, kwa nje ndio sikuangalia. Tukapanga foleni ya lifti. Hii lifti ni benchi linaning'inia kwenye waya, halisimami, linakuja nyuma linakukata magoti unakaa kwa lazima. Tukakaa, mimi pembeni, mtoto katikati, shemeji kule. Shemeji akashusha kile chuma cha mbele cha kuzuia mtu asidondoke, nami nikakikamata kwa mkono wa kushoto kwa imani yote.

Sasa kule juu kuna upepo, baridi imerudi. Tofi iliyokuwa imeyeyuka ikakumbuka asili yake. Mimi sijui lolote, naangalia mandhari, misonobari, kijiziwa kimeganda, nikawa hata nimeanza kuipenda Kanada.

Kufika juu kuna kibao, nyanyua chuma. Shemeji akanyanyua. Chuma kikaenda juu na mkono wangu ukaenda juu, nimekaa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Shemeji na mtoto wakateremka vizuri wakaenda zao. Mimi navuta, haitoki. Nikasema basi nitoe mkono niache glavu, lakini glavu hiyo, niliyoazimwa na shemeji, ina kikamba kinakazwa kwenye kifundo cha mkono isipotee, na nilikikaza mwenyewe kwa meno. Benchi linaendelea, ski zangu zinaburuzwa, mguu mmoja paa! ski imefunguka, napiga kelele "SHEMEJIII", nikagonga kile kifito cha usalama pale mbele, mtambo wote ukazima.

Ukimya ule. Nyuma yangu mlima mzima una watu wananing'inia wanapigwa na upepo.

Akaja kijana wa lifti ana ndevu zimeganda, akaongea Kifaransa cha Quebec kwa kasi, shemeji Kifaransa kasoma tangu chekechea lakini ilibidi amwambie arudie.

"Shemeji, anasema utoshe mukono."

"Mwambie hautoki!"

"Anauliza juu ya nini."

"Mwambie... mwambie sirapu."

Kijana akasogea, akainusa ile glavu, akanitazama usoni, akanusa tena. Halafu akakaa chini kwenye theluji akacheka mpaka redio yake ikaanza kumwita. Akafungua kile kikamba, mkono ukatoka, akaniburuza pembeni kama mzigo wa mkaa, akabonyeza kitufe. Benchi likazunguka gurudumu likaanza kurudi chini na glavu yangu imesimama juu ya chuma, vidole vitano wazi.

Kushuka ni lazima, hakuna basi kule. Tukachukua ya duara la kijani, ndiyo nyepesi, maana mraba wa buluu ni wa wazoefu kidogo na almasi nyeusi ni ya watu wasio na wategemezi. Mkono mmoja mtupu nimeuingiza kwenye soksi ya akiba ya mpwa wangu, inaishia kwenye vidole. Juu kule kivulini barafu ishaanza kukaza tena nikawa nakwenda mwendo sikuuomba, halafu ghafla unatokea kwenye jua theluji imejaa maji, inazikamata ski kwa chini zinasimama palepale, ila wewe unaendelea na safari. Paa! paa! zote mbili zimebaki nyuma na mimi nimeenda kwa tumbo lililojaa chapati za maji. Nasimama, navaa, naendelea, kivuli, jua, paa! Kilo zangu zile ishirini alizoniheshimu shemeji nilizilipia moja moja.

Na kila nikianguka nikiangalia juu, glavu inapita. Inapanda, inashuka, inapunga. Safari moja ilikaa na bibi mmoja wa makamo, wananitazama wote wawili.

Nilipofika chini dada yuko pale na kahawa anauliza mbona mmechelewa, lifti ilikuwa na nini, watu wanasema imesimamishwa. Shemeji akajitia kufungua buti. Mtu wa lifti wa chini akaja na glavu ameishika kwa vidole viwili, akanipa kwa heshima zote, mimi nikaiweka kwenye benchi nikaanza kuhangaika na buti zangu.

Dada ndiye aliyegeuka wa kwanza. "We, unatafuna nini?"

Mpwa wangu mdomo umejaa, manyoya ya glavu yamemganda kidevuni.

"Mkono wa tonton."