Laki Tano ya Kiborloni

Najua shemeji yangu kashawasimulia ahadi yangu ya mchango wa harusi, na kwake imefika milioni. Mwongo. Ilikuwa laki tano.

Kikao cha harusi, Jumapili, baa moja pale Kiborloni, Moshi. Mke wangu alinisindikiza hadi getini: "Elfu hamsini, baba Neema. Kadi ya single." Nikaitika. Hamsini yenyewe nilikuwa nayo mfukoni, noti za kumi kumi.

Mwenyekiti akasema ahadi zianzie meza ya mbele. Wa kwanza: "Mimi na mama watoto, laki tatu." Makofi ya kilo! Wa pili, laki tatu. Wa tatu, laki tatu na kreti mbili za bia. Wa nne, mzee mwenye koti lililochakaa kuliko langu, laki tatu!

Maiki ikanifikia, bado ina joto la mikono ya wenye hela. Nikasafisha koo. Mdomo ukaanza vizuri tu: "Ham..." Spika ikaibeba hiyo ham hadi jikoni kwenye kitimoto. Meza zote zikanigeukia. Katibu kalamu juu. Mwenyekiti akainama: "Ham ngapi, Mangi?"

"Ham... hamjambo ndugu zangu?"

"Hatujambooo!"

Kimya. Bado wananitazama.

"Laki tano."

Vigelegele! Kuna mtu akanisogezea bia ambayo sikuagiza. (Mnaocheka huko, na nyie mliahidi ngapi mwaka jana? Daftari nimeliona.)

Sasa sikieni. Jana mpwa wangu anayesoma saikolojia kaniambia kwamba Marekani, mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu chumbani walinganishe urefu wa mistari. Wote wamepangwa kutaja jibu la uongo, isipokuwa mmoja asiyejua kitu. Kama robo tatu ya hao wasiojua wakafuata uongo walau mara moja. Mistari, jamani, ipo mbele ya macho!

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikampigia katibu. Kumbe meza ya mbele yote ni wanakamati, walipangwa tangu Ijumaa. Yule mzee wa koti kaandikiwa elfu ishirini!

Mengine kwa ufupi: mke hanisemeshi, mhazini ananitumia "ahadi ni deni" kila alfajiri, mbuzi wawili wameshauzwa.

Leo mwenyekiti kapiga simu. Kuna harusi nyingine, anataka nikae meza ya mbele nitaje laki tano kwa sauti ileile, watu wapate moyo. Nimemuuliza bia ni ngapi.