Mchele mweupe: kabla ya kuongeza vitamini, tuache kwanza kuzitupa

Wali sio tena chakula cha Krismasi na harusi hapa Uganda, shule zinapika, vibanda vya kando ya barabara vinapika, na karibu wote ni mchele mweupe pee, uliokobolewa mpaka pumba na kiini vyote vimetoka. Sasa kuna wanaotaka serikali ilazimishe urutubishwe kama unga na mafuta, yaani uongezwe vitamini na madini, na kuna wanaosema basi tule mchele wa kahawia, ule usiotolewa pumba. Mi naona kuna njia ya tatu inadharauliwa bure, kuchemsha mpunga na maganda yake kabla ya kukoboa.

Wa kurutubisha nawaelewa kabisa. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta watoto 53 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, hiyo sio kitu cha kupuuza. Na teknolojia ipo, unatengeneza punje za unga wa mchele zenye chuma na asidi ya foliki, unachanganya punje moja kwa mia, mlaji hata hashtuki. Lakini kanuni zetu za urutubishaji za 2011 zinabana viwanda vikubwa, wakati mpunga wa Butaleja na Bugiri, kule mashariki, mwingi unakobolewa kwenye mashine ndogo ndogo za mitaani, mtu analeta gunia lake, anasubiri, anabeba anaenda. Hapo nani atapima moja kwa mia? Alafu kuna wagonjwa wa sikoseli wanaoongezewa damu mara kwa mara, hao chuma kinawajaa mwilini, na India walibishana sana juu ya hilo hilo.

Mchele wa kahawia ni mzuri, ila una mafuta kwenye pumba kwa hiyo unachacha upesi stoo, na unachelewa kuiva kwa hiyo unakula makaa. Kwa bei ya makaa ya Kampala usimwambie mama anayepika mambo ya kahawia.

Sasa huu wa kuchemshwa. Unaloweka mpunga, unaupitisha kwenye mvuke, unakausha, ndio unakoboa, na vitamini B1 iliyokuwa kwenye pumba inakuwa imeshaingia ndani ya punje pamoja na maji. Gramu 100 za mchele mweupe wa kawaida zina B1 kama miligramu 0.07, huu unafika kama 0.2, yaani karibu mara tatu na hujaongeza kitu chochote cha dukani. Tena sisi tunaosha mchele mpaka maji yatoke safi, kilichobaki juu juu kinaenda na maji, kilichoingia ndani kinabaki. Haya mambo ya B1 sio mageni, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman kule Java, Indonesia ya leo, miaka ya 1890 aliona kuku wanaolishwa mchele mweupe wanapooza miguu na wakipewa usiokobolewa sana wanapona, akapewa Nobel 1929. Hapa kwetu pumba ndio chakula cha kuku, sawa ni hela, lakini B1 ya mtoto imeenda humo humo. Na mkulima naye anafaidika, punje ikichemshwa inakaza, haivunjiki ovyo kwenye mashine, na mchele mzima ndio wenye bei.

Ubaya wake upo. Rangi inakuwa ya manjano kidogo, ukiloweka kwa maji machafu unanuka, na kukausha wakati wa mvua ni taabu. Chuma pia hautaleta cha kutosha, hicho tuwaachie maharage, mbegu za maharage za NAROBEAN zenye chuma kingi zipo tangu 2016 na wali huliwa na maharage hata hivyo. Kuni? Maganda ya mpunga yanarundikwa tu pembeni ya mashine, yanawaka vizuri, Asia wanachemshia hayo hayo.

Kwa hiyo pale Doho, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Butaleja, mpunga upo, maji yapo, maganda yapo. Kinachokosekana ni matangi ya mvuke, na mnunuzi atakayekubali ile rangi, na mi ningeanza na shule za bweni sababu zinanunua kwa magunia na mpishi hachagui mchele kwa weupe.