Shemeji, Risasi Imekwama!

Jumamosi hiyo nilifunga gereji mapema, nikapanda matatu ya Lanet pale Nakuru mjini. Nikapata kiti cha nyuma kabisa, kati ya mama aliyempakata jogoo na kijana mwenye kifua kama mlango, kichwa kimenyolewa hadi kung'aa. Watu wa Lanet mnajua ni kambi gani hutoa vichwa vya namna hiyo. Simu yangu nayo ina kilema: sauti haitoki mpaka niweke spika, kwa hiyo siri zangu zote ni mali ya umma.

Tulipofika Free Area ikalia. Ni kaka yake mke wangu, yuko Texas. Huko kwao ilikuwa asubuhi.

"Shemeji! Risasi imekwama!"

Matatu nzima ikanyamaza. Aliyeendelea kuongea ni jogoo peke yake.

Wacha niwaeleze ninyi, maana wale abiria hawakunipa nafasi. Shemeji ni mwindaji wa paa, na kule mwenye bunduki anaruhusiwa kujitengenezea risasi nyumbani. Ganda la shaba likishafyatuliwa huvimba na kuchukua umbo la chemba ya bunduki. Kabla ya kulijaza baruti tena unalisukuma kwa presi ya mkono ndani ya kalibu ya chuma, lipungue. Lazima ulipake mafuta yake maalumu, utando mwembamba tu. Ukizidisha, mafuta hukosa pa kwenda yakaliacha ganda na mabonde mabegani. Usipopaka kabisa, shaba inang'ang'ania chuma kama kupe kwa ng'ombe. Shemeji hakupaka kabisa. Halafu badala ya kutulia, akavuta mpini kwa hasira, presi ikararua ukingo wa kitako na ganda likabaki ndani.

Hayo ndiyo maelezo. Kilichosikika kwenye matatu ni hiki:

"Ulitumia nguvu?"

"Sana! Nimeng'oa mpaka kitako!"

"Kitako cha nani?" akauliza mama wa jogoo.

Mimi fundi, nikishapewa shida ya chuma siwaoni watu. "Hiyo ni kama beringi iliyokwama. Chukua drili, toboa katikati."

"Nitoboe risasi?"

"Toboa! Unaogopa nini?"

Makanga akapiga paa mara mbili. Dereva, badala ya kusimama stejini, akasimama kwenye kizuizi cha polisi. Abiria walishuka kwa mlango, wengine kwa dirisha. Nilimwona mzee wa bakora akiwapita vijana. Nilipojaribu kuinuka, yule kijana aliniwekea mkono begani. Ulikuwa na uzito wa mfuko wa simiti.

"Mzee wangu, tulia. Iko wapi hiyo risasi?"

"Texas."

"Texas gani? Ile baa?"

Afande akaja na tochi. Sikuwa na maneno, nikageuza simu iwe ya video nikampa. Shemeji alikuwa karakana kwake, kifua wazi, drili mkononi. Alipoona kofia ya polisi wa Kenya alidondosha drili na kuinua mikono yote miwili, bahari na mabara katikati.

"Kuna baruti ndani?" afande akauliza.

"Hapana, afande! Ni ganda tupu. Hata fataki, ile ya kuwashia baruti, ilisukumwa nje na pini ya kalibu ganda lilipokuwa likiingia."

"Kwani hakupaka sabuni?" Mama wa jogoo alikuwa amerudi, anachungulia. "Hata pete ikikwama kidoleni, si ni sabuni?"

Afande akatikisa kichwa, akatamka kwenye simu polepole kama hakimu: "Bwana, mbona hukupaka mafuta?"

Shemeji akainamisha macho. Nimemjua miaka kumi na miwili, sijawahi kumwona akikosa jibu.

Basi tukatengeneza hapo hapo barabarani. Nilimwambia kwanza aifungue ile pini na kuitoa njiani, kisha atoboe kitako, akate nyuzi kwa tapu, aweke soketi kubwa juu ya mdomo wa kalibu, apitishe bolti na washa, akaze kwa spana polepole. Dakika ishirini hivi. Abiria wote wamenizunguka, wengine wananishauri mimi, wengine wanamshauri shemeji, afande akituangazia tochi ambayo haikuhitajika. Ganda lilipochomoka watu walipiga makofi. Jogoo akawika saa moja jioni.

Makanga alinidai nauli mara mbili, moja ya safari na moja ya kusubiri. Nililipa.

Usiku, nikiwa ninakula, ukaingia ujumbe wa sauti. Shemeji amefurahi mno. Anasema lile ganda, na bolti yake bado imechomekwa, ameliosha likang'aa, na kuna mtu wa kwao anasafiri Desemba. Atampa aliweke kwenye mkoba aniletee, niliweke sebuleni kama ukumbusho.

Nilifunga mlango, nikafunga madirisha, nikajifunika blanketi kichwani, ndipo nikampigia.