Gotovina na zile mita 200

Jenerali Ante Gotovina wa Croatia alipoachiwa huru na majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, The Hague, Novemba 16, 2012, Belgrade, mji mkuu wa Serbia, walisema ni siasa, Zagreb, mji mkuu wa Croatia, wakasema shujaa kasafishwa. Pande zote mbili zilishika matokeo na kuziacha sababu.

Safari yake inajulikana: kijana wa kisiwa cha Pašman aliyepitia Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akarudi nyumbani 1991, na mwaka uliofuata akakabidhiwa kamandi ya Split. Agosti 5, 1995, katika Operesheni Dhoruba, shambulio la Croatia dhidi ya Waserbia walioasi ndani yake, vikosi vyake vikaingia Knin, mji mkuu wa waasi hao. Mwaka 2000 Rais Mesić alimstaafisha kwa kutia saini barua ya majenerali iliyoingilia siasa. Mwaka 2001 mahakama ya The Hague ikamshtaki kwa uhalifu dhidi ya Waserbia, akatoroka, akanaswa Tenerife Desemba 2005. Aprili 2011 akahukumiwa miaka 24.

Hukumu hiyo ya kwanza ilisimama juu ya kipimo kimoja. Kombora lililoanguka ndani ya mita 200 kutoka shabaha halali lilihesabiwa kuwa liliilenga. Lililopita hapo likawa ushahidi dhidi ya mpigaji. Knin ilipigwa makombora yasiyopungua 900, na kama 50 yakakutwa nje ya mpaka huo. Kwa hayo 50 mji mzima ukaonekana umepigwa kiholela, na upigaji wa kiholela ukathibitisha njama ya kuwafukuza Waserbia.

Mita 200 zilitoka wapi? Hukumu haielezi, wala haitaji ushahidi wowote uliopendekeza kipimo hicho. Tena kilitumika sawasawa kwa mzinga wa milimita 130 na kwa roketi za milimita 122, ambazo mtambo wake wa mitutu 40 umeundwa kuzitawanya. Kosa la kombora hukua kadiri shabaha inavyokuwa mbali. Hubadilika na upepo, joto la hewa, joto la baruti na uchakavu wa mtutu. Kosa la mbele na nyuma kwa kawaida huzidi la kushoto na kulia, kwa hiyo alama za makombora huchora umbo la yai. Majaji walichora duara.

Majaji wote watano wa rufaa walikubaliana kwamba kipimo hicho ni kosa. Walipogawanyika, watatu kwa wawili, ni juu ya kinachobaki kikishaondolewa. Agius na Pocar, majaji wawili waliopinga kuachiwa kwake, walikumbusha amri ya Gotovina ya Agosti 2 ya kuipiga miji kwa mizinga, Knin ikiwemo. Hoja hiyo ni nzito, na walio wengi waliipita haraka mno. Lakini amri ile inasomeka kwa namna mbili: ipigwe miji, au zipigwe shabaha za kijeshi zilizomo. Penye maana mbili, mshtakiwa hafungwi kwa ile mbaya zaidi. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye rufaa za Arusha, za kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, zilizosikilizwa na chemba hiyohiyo ya rufaa.

Wazee wa Kiserbia wa kijiji cha Grubori waliuawa Agosti 25, 1995, na wa kijiji cha Varivode Septemba 28, mizinga ya Knin ikiwa imenyamaza wiki kadhaa na Gotovina yuko kwenye mapigano ya Bosnia. Rufaa haikusema hawakuuawa.